Hisabati darasa la saba: anza na makosa ya mtoto, si na rundo la pepa

Kila likizo ya Juni naona jambo lile lile. Mzazi anakumbuka kwamba mtihani wa taifa kwa kawaida huwa Septemba, anakwenda steshenari, anarudi na rundo la pepa za miaka ya nyuma. Mtoto anajibu maswali mia kwa wiki. Mtihani wa moko (wa majaribio) unakuja, alama ziko palepale. Nimefundisha Hisabati madarasa ya juu ya shule ya msingi na sishangai tena: mtoto yule amelirudia kosa moja mara mia, sasa limekomaa.

Kwa hiyo fanyeni hivi.

Hatua ya 1. Pepa moja, kimya, saa ukutani.
Chukua pepa moja ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Za 2019 na 2020, kwa mfano, zina maswali 45 ya kufanya kwa saa mbili: 40 ya kuchagua jibu moja kuanzia A hadi E, na matano ya mwisho ya kuonesha njia. Dakika 120 kwa maswali 45 ni kama dakika mbili na sekunde arobaini kila swali. Usimsaidie, hata akikutazama kwa huruma. Akimaliza, chukua pepa pamoja na karatasi aliyokokotolea. Hiyo ya kukokotolea ndiyo mali.

Hatua ya 2. Muulize "umefikaje hapa?"
Usipige alama ya mkasi (X) ukaishia hapo. Kaa naye, akueleze kwa mdomo alivyofanya kila swali alilokosa. Mara nyingi utakuta makosa kumi na tano yametoka kwenye mizizi mitatu au minne tu.

Mzizi ninaoukuta kuliko yote ni huu:

20 − 8 + 5 = ?

Mtoto anaandika 7. Ukimuuliza anakujibu kwa kujiamini kabisa: "MAGAZIJUTO, mwalimu. Jumlisha inatangulia Toa." Neno hilo ni la kukumbukia mpangilio: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Basi amejumlisha 8 na 5 akapata 13, akaitoa kwenye 20. Jibu sahihi ni 17. Alama iliyo kushoto kwa namba ni ya namba hiyo: 8 inatolewa, 5 inaongezwa. Mwambie awaze pesa. Una shilingi 20, umetumia 8, umepewa 5. Unabaki na 7 kweli? Kujumlisha na kutoa kukiwa pamoja, aende kutoka kushoto kwenda kulia tu.

Na ubaya wa maswali ya kuchagua ni kwamba ile 7 mara nyingi imewekwa kati ya majibu, inamsubiri. Mtoto akiiona anasema moyoni "nimepata", anasonga mbele.

Hatua ya 3. Daftari la makosa.
Daftari dogo, ukurasa mmoja kwa kila mzizi. Juu aandike swali alilokosa, chini yake kosa kwa maneno yake mwenyewe ("nilijumlisha asili na asili", yaani namba za chini za sehemu), kisha maswali matano ya aina hiyo hiyo. Baada ya siku tatu mpe mengine mawili, bila kumwambia yanatoka ukurasa gani.

Kurasa mbili ambazo karibu kila mtoto atazihitaji:

*Sehemu.* 1/2 + 1/3 anaandika 2/5. Kabla ya kumfundisha tena KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote mbili), muulize: 2/5 ya chungwa na nusu chungwa, kubwa ni ipi? Akigundua kwamba ameongeza halafu akapungukiwa, atacheka, na hatasahau. Hapo ndipo umrudishe kwenye asili ya 6: 3/6 + 2/6 = 5/6.

*Saa.* "Saa 8:15 mchana" kwa mtindo wa saa 24. Wengi wanaongeza 12 wanapata 2015. Saa yetu ya Kiswahili inahesabu tangu asubuhi, kwa hiyo ni kuongeza 6: 1415. Saa 2:30 usiku unaongeza 6 na zile 12 za mchana: 2030. Ikishapita saa 6 usiku mambo yanageuka, unatoa 6: saa 9:20 usiku ni 0320.

Hatua ya 4. Mafumbo, kwa kalamu.
Fumbo lisomwe mara mbili, na mara ya pili apigie mstari kinachoulizwa. Mfano: umenunua trei 3 za mayai, kila trei mayai 30, kwa sh. 8,000 trei moja. Mayai 6 yamevunjika, yaliyobaki umeuza sh. 350 kila moja. Faida ni kiasi gani? Mtoto mwenye haraka atauza mayai 90. Yaliyouzwa ni 84, yanaleta sh. 29,400, toa mtaji sh. 24,000, faida sh. 5,400.

Hatua ya 5. Kusiliba, yaani kutia weusi herufi ya jibu kwenye fomu ya majibu.
Akiruka swali la 17, aruke na mstari wa 17 kwenye fomu. Nimeona mtoto mzuri sana akisogeza majibu yote mstari mmoja, akagundua zimebaki dakika kumi. Penseli ya HB, ufutio safi. Jibu la kukosa halipunguzi alama, hivyo asiache tupu.

Maswali ya wasomaji

Mama mapacha: Shikamoo mwalimu. Wangu wako shule ya Kiingereza, nyumbani tunaongea Kiswahili. Nikiwaambia "kigawe" wananitazama tu.
— Marahaba mama. Pepa yao itakuwa ya Kiingereza, kwa hiyo istilahi wabaki nazo za shule. Wewe uliza kwa Kiswahili "umefikaje hapa?", wao wakueleze kwa lugha yoyote.

Bibi wa Same: Mimi nimeishia la nne. Mjukuu nitamsaidiaje hayo ya asilimia?
— Bibi, wewe shika saa na umuombe akufundishe. Akikwama katikati ya maelezo, ukurasa wa daftari umepatikana. Na akitoka dukani, chenji aihesabu mbele yako.

Mwalimu mwenzako: Nimefundisha MAGAZIJUTO miaka yote, watoto wanafaulu. Unaisingizia.
— Siikatai, mwalimu. GA na ZI hazijawahi kuniletea shida. Ni ile JU na TO. Wape darasa lako 20 − 8 + 5 kesho, uhesabu majibu ya saba ni mangapi.

Dereva: Kikokotoo cha simu je?
— Chumba cha mtihani hakiingii. Nyumbani kikae kwako wewe mzazi, cha kusahihishia.

Mwalimu mwenzako: Nimewapa. Saba ziko kumi na nne kati ya arobaini na moja. Nirudi hatua ya ngapi?
— Ya pili, mwalimu. Wakueleze kwanza.