Somo: Kutunga vianzio vya insha kwa likizo ya Desemba

Kila Novemba naulizwa lile lile: "Mwalimu, nipe kianzio cha insha, mtoto anashinda na simu likizo nzima." Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nafundisha Kiswahili Jumamosi asubuhi hapa Minneapolis, Marekani, watoto wa miaka 9 hadi 14, wazazi wao wametoka Kenya, Tanzania na Kongo. Mifano yangu ni ya huku kwenye baridi. Aliye Moshi au Mombasa abadilishe vitu, njia ni ile ile.

Hatua ya 1. Nunua daftari jembamba la likizo. Lisiwe la shule.

Hatua ya 2. Dakika 15, mara tatu kwa wiki. Akitaka kuendelea, mwache.

Hatua ya 3. Chagua kitu, usichague sikukuu. Ukimwambia mtoto "andika kuhusu Krismasi" atakuandikia alichowasikia wakubwa wakisema: pilau, nguo mpya, wageni, "tulifurahi sana." Mpe kitu alichokiona kwa macho yake wiki hii. Mimi nimewahi kutoa buti zilizopangwa mlangoni, zina mistari myeupe ya chumvi inayomwagwa barabarani: za nani ni zipi, na leo zimetoka wapi? Au: ni saa kumi na moja jioni, jua limeshazama, nani hajarudi nyumbani? Au bibi amepiga simu ya video kutoka Kisumu, kwake ni saa nne usiku na kwenu saa saba mchana, anataka aonyeshwe theluji. Andika mazungumzo tu, bila maelezo. Kinachopendwa kuliko vyote darasani kwangu ni cha ziwa. Huku maziwa huganda, watu hutoboa shimo kwenye barafu wakavua samaki. Kianzio ni kifupi: wewe ndiye samaki. Binti mmoja wa miaka 10 alianza hivi: "Leo mbingu yetu imetobolewa." Nimeinakili sentensi hiyo kwenye jalada la daftari langu.

Hatua ya 4. Usiagize furaha. Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu hapa niliharibu.

Mwaka wangu wa kwanza nilitoa kianzio hiki: "Zawadi nzuri kuliko zote uliyowahi kupewa Krismasi." Watoto wakainama, kalamu zikaanza kwenda. Kulikuwa na kijana wa miaka 11, hajamaliza mwaka hapa, amezaliwa na kukulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, wazazi wake Wakongo. Akaandika tarehe, akaandika kichwa, akakipigia mstari kwa rula. Chini yake: "Mimi sijapewa." Akafunga daftari na kuweka mikono yote miwili juu yake. Nikadhani ni uvivu. Nikamwambia mbele ya wenzake aongeze. Jumamosi iliyofuata hakuja, na ya pili hakuja. Nilikwenda kwao kumwomba radhi yeye na mama yake. Aliporudi nilimpa kianzio kingine: "Kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako." Alijaza kurasa mbili kuhusu mpira wa mifuko ya nailoni na kamba, na namna ya kukaza fundo la mwisho ili mvua isiufumue.

Kwa hiyo ogopeni maneno haya kwenye kianzio: "bora kuliko", "zawadi", "furaha", "familia nzima". Desemba ina watoto waliofiwa, ina ambao baba yuko zamu ya usiku, ina ambao mama yuko nchi nyingine anasubiri karatasi. Kianzio kizuri kinampokea mwenye raha na mwenye majonzi. Mtoto akiandika sentensi moja, isome kabla hujafungua kinywa. Na msidhani kila mtoto ana Krismasi. Nusu ya darasa langu ni Waislamu. Wana likizo, wana baridi, wanaona taa za jirani dirishani, hayo wanaweza kuyaandika. Idi hufuata mwezi na hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, usiibandike Desemba kwa nguvu ili mtoto naye awe na sikukuu.

Hatua ya 5. Akikwama, mpe sentensi ya kwanza, kama ile mitihani ya insha ya "anza kwa maneno haya". Iwe fupi na iwe na kitendo. "Mlango uligongwa tena" inatosha.

Hatua ya 6. Usiguse ngeli siku hiyo. Kesho yake sahihisha makosa mawili, basi.

MASWALI

Baba Watatu, Dallas: Mwalimu, tuma vianzio 50 kwa PDF nichapishe.

Jibu: Sina orodha hiyo. Hatua ya 3.

Baba Watatu: Hata 20 tu.

Jibu: Ndugu yangu, sijui mlangoni kwako pana nini. Wewe unajua.

Mama Mapacha, Nairobi: Wangu wako gredi ya nne, Krismasi waandike nini?

Jibu: Hatua ya 3, mama, mstari wa kwanza.

Mkulima, Makete: Shikamoo mwalimu. Theluji na barafu ni kitu kimoja? Huku kwetu Juni na Julai majani huamka meupe na viazi vinaungua. Hiyo tuiiteje?

Jibu: Marahaba. Theluji ni ile inayodondoka, laini kama pamba. Barafu ni maji yaliyoganda, ukiyagonga yanalia. Hiyo yenu ni sakitu. Wanafunzi wangu hawakuwa na neno hilo mpaka nilipowaonyesha kioo cha gari asubuhi, mmoja akaliandika pale pale kwa kidole. Tena umenipa kianzio: "Sakitu imeingia shambani usiku." Waulize na wazee wanaiitaje kwa Kikinga, uniandikie hapa, nitawasomea watoto.

Mwana wa Pwani: Kiswahili na theluji wapi na wapi? Mnaipeleka lugha isikokuwa.

Jibu: Mwanangu anaikanyaga theluji kila asubuhi akienda kusubiri basi la shule. Nikimnyima neno lake la Kiswahili, atatumia la Kiingereza. Kesho atatumia Kiingereza kwa mlango, kesho kutwa kwa mama. Neno lenyewe sikulibuni mimi. Limetoka Kiarabu, na limo kwenye kamusi zetu kabla sijazaliwa.

Dada wa Columbus: Mwanangu ameulizwa shuleni kama Kwanzaa ni sikukuu yetu sisi Waswahili. Nimeshindwa kumjibu. Yaweza kuwa kianzio?

Jibu: Yaweza, dada, tena kizuri sana. Kwanzaa ilianzishwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966 kwa ajili ya Wamarekani weusi, na jina limetokana na "matunda ya kwanza". Huanza tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari. Nyumbani hatukukua nayo, lakini maneno ni yetu: mishumaa saba kwenye kinara, na kila siku ina jina lake, umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Siku hizo mtu akikuuliza "Habari gani?" usimjibu "nzuri", unajibu jina la siku. Sasa mwambie mwanao aandike: bibi amekuja kutoka Tabora, tarehe 26 amealikwa kwa jirani, mlangoni anaulizwa "Habari gani?" Naye anajibu kama anavyojibu siku zote, "Njema, za hapa?" Nini kinafuata? Tarehe 31 ni siku ya Kuumba. Amsomee jirani hadithi yake siku hiyo.

Dada wa Columbus: Asante mno. Ujima ndiyo nini? Sijalisikia.

Jibu: Kazi ya pamoja, kijiji kizima shambani kwa mtu mmoja, kesho kwa mwingine. Kilimanjaro wanasema msaragambo. Kenya ungesikia harambee.

Mama Mapacha: Nimeelewa sasa, samahani mwalimu. Wameandika kuhusu sufuria ya jirani ambayo hatujairudisha tangu Krismasi iliyopita.

Jibu: Hiyo nataka kuisoma. Iweke hapa, makosa usiyaguse.

Baba Watatu: Kalamu zao zinagoma kwenye gari asubuhi.

Jibu: Wino huwa mzito kwenye baridi. Wape penseli.