Jinsi ya Kuuzia Kampuni na Hoteli Kupitia Mitandao ya Kijamii: Mwongozo kwa Karakana za Lamu

Fundi wa nakshi anayemuuzia mtalii kijisanduku dukani kwake Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, na fundi huyohuyo anapotaka kuiuzia milango 12 hoteli inayojengwa Watamu, anafanya biashara mbili zisizofanana. Mtalii hununua kwa jicho. Akipenda hulipa na kuondoka. Hoteli hainunui hivyo. Msanifu majengo ndiye anayechagua mtindo, mkandarasi anauliza vipimo na tarehe, afisa ununuzi analinganisha bei za watu watatu, mhasibu anadai ankara iliyo sahihi, na mwenye mali ndiye anayetia saini mwisho. Watu hao wote, kila mmoja kwa wakati wake na aghalabu bila wewe kujua, watafungua ukurasa wako wa mtandaoni kutafuta jibu la swali linalomkera yeye. Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia katika mwongozo huu ni moja: kila unachochapisha kijibu swali la mmoja wao. Picha nzuri isiyojibu swali lolote inaweza kukuletea sifa, lakini haikuletei agizo.

Nimetumia karakana ya milango na samani kuwa mfano kwa sababu ndiyo kazi inayotoka Lamu kwenda kwa wajenzi wengi wa nje, ila mwenye kutengeneza mashua za kampuni za utalii, kikundi cha wasusi wa mikeka cha Matondoni au muuzaji wa samaki wa hotelini anaweza kuufuata kwa kubadilisha bidhaa tu.

Wajue wanunuzi kabla ya kufungua ukurasa

Anayeuzia biashara hahitaji wafuasi elfu kumi. Wanunuzi wanaoweza kumpa karakana moja kazi ya mwaka mzima huenda hawazidi 30, na majina yao yanaweza kuandikwa kwenye daftari jioni moja. Andika hoteli na nyumba za wageni za Shela, Manda, Malindi, Watamu na Diani. Ongeza kampuni za wasanifu majengo wa Mombasa na Nairobi. Wasanifu wa Kenya husajiliwa na bodi ijulikanayo kama BORAQS, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa umma. Ongeza wapambaji wa ndani ya nyumba, maduka ya samani, na wakandarasi unaowaona wakijenga. Mbele ya kila jina andika nani huamua, nani hulipa, na mtandao gani anautumia. Mtandao huo utaujua kwa kutafuta jina la kampuni na kuangalia ni wapi wamechapisha jambo katika miezi mitatu iliyopita. Akaunti iliyolala tangu mwaka juzi si mahali pa kumngojea mtu.

Orodha hiyo ndiyo itakayokuamulia mtandao, wala si mazoea yako mwenyewe. Wasanifu na wapambaji hupenda Instagram kwa kuwa kazi yao ni ya kuonekana, na wengi huhifadhi humo picha za kuwaonyesha wateja wao. Mameneja wa hoteli, maafisa ununuzi na wakurugenzi wa kampuni za ujenzi hupatikana zaidi LinkedIn, ambako unaweza kumtafuta mtu kwa cheo chake na mahali anapofanyia kazi. Ukurasa wa kampuni huko ni bure, lakini lazima ufunguliwe na mtu mwenye wasifu wake binafsi, na ushauri wangu ni kwamba maneno mengi yatoke kwenye wasifu wa fundi mkuu au mwenye karakana, kwani mnunuzi humwamini mtu anayemwona uso na jina kabla ya kuiamini nembo. Facebook inafaa kwa wakandarasi wadogo wa Pwani. TikTok inaweza kungoja. Mazungumzo ya bei na malipo, popote yatakapoanzia, hapa kwetu huishia WhatsApp, na sehemu hiyo nitaieleza baadaye kwa urefu.

Mitandao miwili inayotunzwa vizuri yatosha.

Mambo ya kuchapisha

Anza na swali ambalo msanifu wa Nairobi hatakuuliza wazi ingawa analo: mlango huu utapasuka ukifika kwangu? Ana haki ya kuhofu. Hewa ya Lamu ina unyevu mwingi, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, penye hewa kavu zaidi. Mbao hunywa unyevu wa hewa inayoizunguka na kuutoa, ikitanuka na kusinyaa kwa upana wake, hivyo ubao uliozoea pwani husinyaa ukipelekwa bara, na ikiwa umebanwa kwa gundi pande zote hupasuka. Karakana inayochapisha picha kadhaa katika chapisho moja, ikionyesha jinsi mbao zinavyopangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, zinavyokaa muda gani kabla ya kuguswa, jinsi unyevu unavyopimwa, na jinsi bamba la kati la mlango linavyoachiwa nafasi ndani ya fremu ili liweze kucheza, imemjibu msanifu huyo kikamilifu. Chapisho la namna hiyo halipendwi na watu wengi. Lakini msanifu mmoja akilihifadhi na kumtumia mwenzake, limefanya kazi kuliko picha 20 za machweo ya jua pwani ya Shela.

Swali la mkandarasi ni la vipimo na tarehe. Mwonyeshe mchoro wenye vipimo kwa milimita, kisha mlango ule ule uliokamilika na futi ya kupimia imelazwa juu yake. Taja sehemu kwa majina yake, miimo, mfaa, kizingiti, na ueleze kila moja inatoka kwenye mbao ya aina gani, mvule au mbambakofi au nyingine. Sema waziwazi muda wa kazi: mlango wenye nakshi nzito huchukua wiki ngapi mikononi mwa mafundi wangapi, na karakana inaweza kutoa milango mingapi kwa mwezi bila kupunguza ubora. Wengi huogopa kutaja uwezo wao wakidhani utaonekana mdogo. Kinyume chake ndicho kweli, kwa sababu mnunuzi wa kampuni anachokiogopa zaidi ni kuahidiwa milango 12 akaletewa saba siku ya kufungua hoteli.

Kisha kuna usafirishaji, na hapa wenye biashara wa Lamu wana deni la maelezo kuliko wenzao wa mahali pengine. Mtu wa Nairobi anajua kwamba Lamu ni kisiwa, anajua kwamba mji wa kale hauna magari, na hapo hapo moyo wake unaingia shaka. Mwondolee. Piga video fupi mzigo unavyofungwa kwa magunia na maboksi, unavyobebwa kwa mkokoteni au punda hadi gatini, unavyopakiwa mashuani na kuvushwa Mokowe, na unavyopandishwa kwenye lori la kwenda Mombasa au Nairobi kwa barabara ya Garsen. Andika chini yake nani hulipia kila hatua, na nani anabeba dhamana mzigo ukivunjika njiani. Ikiwa kuna wakati ambao uvukaji huwa mgumu, kama siku kali za kusi, useme pia na ueleze unavyoongeza siku katika makadirio yako.

Usisahau kuonyesha kazi ikiwa imewekwa mahali pake, pamoja na neno la mteja. Omba ruhusa ya hoteli kwa maandishi kabla ya kuitaja, kwa kuwa baadhi ya wenye mali hawapendi nyumba zao zionekane. Wakikubali, unganisha jina la akaunti yao na chapisho ili nao waweze kulisambaza kwa watu wao, ambao mara nyingi ni wenye hoteli wengine.

Neno kuhusu urithi. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na sifa hiyo ni ya mji mzima. Ni halali kueleza kwamba nakshi yako imetoka katika mapokeo haya, na ni vyema ukaonyesha mlango wa zamani uliokufunza mtindo fulani. Lakini kuita kila meza "ya urithi" kunamchosha msanifu anayejua historia ya majengo, na kunawavunjia heshima mafundi waliotangulia. Kama mbao imetoka kwenye jahazi kuukuu, sema jahazi gani na ulilipataje. Kama ni mbao mpya, sema ni mpya, na uwe tayari kuonyesha kibali cha kuisafirisha.

Kumwendea mnunuzi

Kuchapisha peke yake ni kungoja. Fuata akaunti za watu walio kwenye daftari lako, soma wanachoandika kwa wiki kadhaa, na uchangie penye jambo unalolijua, kwa mfano msanifu anapouliza kuhusu mbao zinazostahimili hewa ya chumvi. Jibu swali lake bila kumtajia bei. Baada ya hapo ujumbe wa kwanza hautakuwa wa mgeni. Uwe mfupi, uhusu kazi yake kwanza, na uombe jambo dogo:

"Habari za kazi, Bwana Msanifu. Nimeona picha za nyumba za wageni mnazojenga Watamu, na nimependa mlivyoacha veranda pana upande wa bahari. Sisi ni karakana ya milango na samani hapa Lamu. Tuna maelezo ya kurasa mbili kuhusu jinsi tunavyokausha mbao za milango ya nje, pamoja na vipimo na muda wa kazi. Ukiniruhusu, nitakutumia uyasome kwa wakati wako."

Ukimwandikia mama mwenye hoteli ya hapa jirani ambaye mnafahamiana kwa salamu, lugha ibadilike: anza kwa salamu kamili, ujulie hali nyumba yake, ndipo uingie kwenye shughuli. Usitume ujumbe mmoja kwa watu 40 kwa kubadilisha jina tu. LinkedIn yenyewe, kwa akaunti za bure, huweka kikomo cha maombi ya urafiki yenye ujumbe kwa mwezi, kwa hiyo hayo machache yatumie kwa watu uliowachunguza. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili ukiwa na jambo jipya la kumwonyesha, kisha mwache.

WhatsApp na karatasi

Tumia WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, na uitenganishe na namba ya nyumbani. Jaza katalogi kwa bidhaa chache zenye vipimo, aina ya mbao, muda wa kazi na bei ya kuanzia. Weka lebo kwenye mazungumzo: aliyeuliza, aliyetumiwa makadirio, aliyelipa malipo ya awali, anayesubiri mzigo. Orodha ya matangazo, yaani ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, hubeba hadi watu 256, na ujumbe wake humfikia tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo mwombe mteja aihifadhi siku ya kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake kwa biashara. Kuchota namba kutoka kwenye kundi la harusi au la mtaa na kuanza kuzitumia matangazo ni kosa kisheria na ni utovu wa adabu.

Makadirio ya bei yasitumwe kwa sauti wala kwa mistari iliyotawanyika. Tuma hati moja yenye jina la biashara, namba ya PIN, vipimo, bei, muda ambao bei hiyo itadumu, malipo ya awali na tarehe ya kufikisha mzigo. Usianze kukata mbao kabla ya LPO, yaani hati rasmi ya agizo kutoka kwa mnunuzi, na malipo ya awali. Eleza pia, hata katika wasifu wako wa mtandaoni, kwamba unatoa ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, KRA. Tangu Januari 2024 biashara ya Kenya haiwezi kuhesabu gharama katika kodi yake bila ankara hiyo, isipokuwa kwa malipo machache yaliyosamehewa, na mhasibu wa hoteli anaweza kukukataa kwa sababu hiyo hata kama msanifu amekuchagua.

Majira na hesabu

Hoteli nyingi za pwani hii hupunguza wageni au kufunga kati ya Aprili na Juni, na ndio wakati wa ukarabati. Kwa kuwa milango huchukua wiki nyingi, uamuzi wa kununua hufanyika mapema zaidi. Machapisho ya vipimo, uwezo na muda wa kazi yatilie mkazo kuanzia Novemba hadi Februari, na miezi ya ukarabati yenyewe uitumie kupiga picha za kazi inayowekwa.

Matangazo ya kulipia yasubiri. LinkedIn haitangazi kwa chini ya dola 10 kwa siku, na pesa hiyo ikikusanywa inatosha nauli ya kwenda kumwona msanifu mmoja ana kwa ana akiwa na kipande cha nakshi mkononi mwake, jambo ambalo bado linashinda tangazo lolote.

Kila mwisho wa mwezi hesabu mambo manne na uyaandike kwenye daftari lile lile la majina: kampuni zilizouliza, makadirio yaliyotumwa, maagizo yaliyolipiwa, na ni chapisho lipi kila mmoja alisema amelisoma kabla ya kupiga simu. Hilo la mwisho huna namna ya kulijua usipouliza, basi liulize katika mazungumzo ya kwanza. Ikiwa maulizo ni mengi na makadirio hayazai maagizo, tatizo liko kwenye bei, muda au karatasi. Ikiwa maulizo yenyewe hayaji kwa miezi mitatu, rudi kwenye orodha uone ni mnunuzi gani ambaye swali lake hujawahi kulijibu.