Bastola ndogo ya kiunoni

Ndugu zangu wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mnaotembea na mauzo ya dagaa, mlio na kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 (huna, usiguse hata ya kuazima): msikimbilie bastola ndogo kuliko zote eti inafichika. Nyepesi yenye mtutu mfupi hupiga teke zaidi ukifyatua, na mpini usiotosha kidole cha mwisho huteleza mkono ukitoa jasho. Ishike dukani ikiwa tupu, vuta sleidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma) mara kadhaa. Ikikushinda pale palipotulia, iache.

Risasi za 9x19 (upana kwa urefu wa ganda, kwa milimita) ndizo zilizoenea zaidi; 9x17 kwa kawaida teke lake ni laini, ila ulizia kwanza kama muuzaji wako huwa nazo.

Pesa isiishie kwenye bastola. Bakiza ya ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, maana kuichomeka kiunoni hivi hivi juu ya bodaboda ya Igoma ni kujitafutia risasi ya paja.

Ukinunua iliyotumika, mulika ndani ya mtutu utafute kutu. Unyevu wa ziwani na jasho la kiunoni hula chuma haraka.