Namna ya Kuunda Ubia wa Serikali, Kampuni na Wakazi katika Kuhifadhi Misitu ya Milimani na Ardhioevu

Anayetaka kuunda ubia wa aina hii aanze na maji, fedha zifuate baadaye. Msitu wa mlimani hunasa ukungu na kupunguza nguvu ya mvua kabla haijagusa udongo, na kinamasi kilicho chini yake hupokea maji hayo na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuchora ramani ya bonde zima, kuanzia kileleni hadi kwa mtumiaji wa mwisho, ikionesha chemchemi, vinamasi, mashamba, mapito ya mifugo, mabanio ya maji, mabwawa ya umeme na viwanda. Ramani hiyo itafichua makundi mawili: wanaotegemea maji huko bondeni, na wale ambao kazi zao za kila siku huko juu ndizo zinazoamua iwapo maji yatafika yakiwa safi au yamejaa tope. Ubia wa kudumu ni mapatano baina ya makundi hayo. Kampuni isiyotumia maji ya bonde hilo yaweza kuchangia kwa hisani, na mchango wake upokelewe kwa shukrani, lakini hisani ndiyo hukatwa kwanza bajeti inapobana. Mwenye bwawa linalojaa mchanga hana budi kubaki mezani.

Baada ya ramani, kila mtumiaji mkubwa aandike hasara anayoipata sasa: dawa za kusafishia maji, siku ambazo mitambo ilizimwa kwa sababu ya tope, na gharama za kuzoa mchanga bwawani. Hesabu za namna hii ndizo zilizousukuma mji wa New York, mwaka 1997, kutia saini makubaliano na serikali ya jimbo, mamlaka ya shirikisho ya mazingira na miji midogo ya milima ya Catskill, ambako hutoka maji yake, kwa kuwa kulinda vyanzo kulikuwa nafuu kuliko kujenga mtambo wa kuchuja maji ambao ungegharimu mabilioni ya dola. Jambo la kuigwa zaidi katika makubaliano hayo ni kwamba mji ulikubali kununua ardhi kwa wale tu waliotaka kuuza, na kuendelea kuilipia kodi, ili halmashauri za huko juu zisipoteze mapato.

Suala la haki za ardhi ndilo linalovunja ubia mwingi, nalo halifai kuachwa mpaka mradi uanze. Msitu waweza kuwa wa serikali kwenye karatasi, ilhali koo fulani zimelisha mifugo humo, zimetundika mizinga na kufanya matambiko kwa vizazi vingi. Haki hizo za kimila ziorodheshwe, zikiwemo zile za wanawake wanaookota kuni na kukata matete, ambao mara nyingi hawaonekani kwenye mikutano inayoitishwa na wazee. Wakazi waingie wakiwa watia saini kamili, wenye wakili au mshauri wao, na rasimu isomwe hadharani kwa lugha wanayoitumia nyumbani. Kuwaalika kama mashuhuda wa makubaliano ya wengine ni kuwapa sababu ya kuyapinga.

Ibara za mkataba zieleze vitendo vinavyoonekana. Maneno kama "kuimarisha uhifadhi" hayamfungi mtu yeyote. Chukua mfano wa kinamasi cha mlimani: mtu mmoja akichimba mfereji mwembamba ili apate kipande cha kulima mboga, maji ya chini ya ardhi hushuka pande zote mbili za mfereji; udongo wa mboji uliokuwa umelowa hupata hewa, huoza, hunywea, na uso wa ardhi hutitia, kiasi kwamba mfereji hauna budi kuchimbwa tena kwa kina zaidi. Ibara nzuri basi itasema ni mifereji gani itazibwa, itazibwa kwa vizuizi vya mbao au vya udongo, nani atafanya kazi hiyo, na mwenye shamba atafidiwa nini hadi atakapopata mazao mbadala. Vivyo hivyo kwa msitu: ieleze upana wa ukingo wa kijito usiolimwa, aina za miti ya asili itakayopandwa, na marufuku ya mikaratusi karibu na chemchemi.

Kuhifadhi hakumaanishi kufunga milango yote. Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, wenyewe unahimiza matumizi ya busara ya ardhioevu. Matete yaweza kukatwa kwa zamu, sehemu moja ikipumzika wakati nyingine inavunwa, na asali humpa mkazi sababu yake mwenyewe ya kuzuia moto. Kampuni inayonunua mazao hayo iahidi kiwango na bei ya chini kwa maandishi, kwa sababu soko lililoahidiwa kwa mdomo huwarudisha watu kwenye mkaa.

Fedha zikae katika mfuko wa amana wenye bodi ya pande zote, nje ya akaunti ya wizara na nje ya akaunti ya kampuni. Quito, nchini Ecuador, ilianzisha mfuko wake wa maji mwaka 2000 kwa ajili ya nyanda zake za juu zenye nyasi na vinamasi. Shirika la maji la mji hutenga sehemu ya mapato yake, na kampuni za umeme na vinywaji huongeza michango yao. Mtindo huo umefuatwa kwingi, ukiwemo Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi uliozinduliwa mwaka 2015. Mchango uliofungamanishwa na ankara ya maji ni imara kuliko ahadi ya kila mwaka.

Vipimo vianze kabla ya kazi, kwani bila hali ya mwanzo hakuna atakayethibitisha mabadiliko. Si lazima viwe vya gharama: rula iliyosimikwa kijitoni na kusomwa kila asubuhi na mkazi anayelipwa posho, pamoja na chupa ya maji ya kupimia tope baada ya kila mvua kubwa, huleta ushahidi ambao picha za satelaiti peke yake haziwezi kuutoa. Serikali, kwa kuwa ndiyo mtoa vibali, isiwe mthibitishaji wa kazi. Kazi hiyo ya kuthibitisha kipewe chuo au apewe mkaguzi huru, na taarifa yake ibandikwe ofisi ya kijiji siku ileile inayofika kwenye bodi.

Mwisho, ziandikwe ibara za mafarakano mapema, wakati watu bado wanaelewana. Zitaje malipo yatasimamishwa lini, nani atasuluhisha kabla ya kwenda mahakamani, na kampuni inayojitoa itatoa notisi ya muda gani na kuacha fedha kiasi gani ili walinzi wa msitu wasikose mishahara. Mkataba mzima upitiwe upya kila baada ya miaka michache, rekodi za rula na za tope zikiwa mezani.