Kurekodi shoo ya mkongwe wa funk Arusha: anza na sauti

Mkongwe wa funk na pop akipanda jukwaani harukiruki. Anasimama, anampa mpiga besi ishara kwa kichwa, bendi nzima inakata papo hapo. Filamu ya shoo yake inaishi kwenye ishara hizo, na kwenye besi na dramu. Kwa hiyo bajeti ikibana, punguza kamera, usiguse fungu la sauti. Picha yenye chenga mtazamaji ataivumilia. Besi inayovuma ataizima kabla wimbo wa pili haujaanza.

Sauti

Usitegemee laini ya kushoto na kulia inayotoka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) kwenda kwenye spika. Fundi mitambo anachanganya kwa ajili ya ukumbi. Dramu na ampu za gitaa zinasikika zenyewe pale ndani, hivyo anazishusha, na kwenye rekodi unabaki na mwimbaji juu kabisa na gitaa lililopotea. Omba kila chombo kwenye chaneli yake. Mikisa ya dijitali kama Behringer X32 inapeleka chaneli 32 kwenye kompyuta kwa waya mmoja wa USB. Rekodi kwa kHz 48 na biti 24; chaneli 24 zitakula takriban GB 12.5 kwa saa. Hakikisha sauti inachukuliwa kabla ya vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, ili fundi akishusha kitu ukumbini rekodi yako isitikisike.

Wakati wa kujaribu vyombo wanamuziki hupiga kwa upole. Shoo ikichemka, matarumbeta matatu yakiingia pamoja yanapanda ghafla na kupasuka, na sauti iliyopasuka haitibiki. Weka vilele vya majaribio kwenye dB -18 (kwenye sifuri sauti inapasuka), usiku vitafika -12 au zaidi kidogo. Besi ichukue mara mbili: moja kwa moja kupitia DI boksi (kisanduku kinachounganisha besi na mikisa bila maiki), na maiki mbele ya ampu. Ya kwanza inakupa uzito, ya pili inakupa mkwaruzo wa kidole gumba kinapogonga waya. Kisha simika maiki mbili kwenye kingo za jukwaa zikiwaelekea watazamaji, migongo yake kwenye spika. Bila hizo filamu inasikika kama wimbo wa studio uliobandikwa picha.

Umeme ukikatika, kompyuta itaendelea kwa betri lakini mikisa itazima, na programu nyingine huacha faili lisilofunguka. Mikisa na kompyuta vikae kwenye UPS (betri ya akiba) ya VA 1000, na wakati huohuo kinasa kidogo kinachotumia betri kiwe kinarekodi mchanganyiko wa fundi kama akiba. Taa ziwe na laini yake ya umeme, sauti yake. Ukizichanganya, dima (vipunguza mwanga) za taa zitakuletea mvumo kwenye gitaa usiku kucha, na kila mtu atamlaumu mpiga gitaa.

Kamera

Umeme wetu ni Hz 50, kwa hiyo piga fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Kamera iliyosetiwa 30 na 1/60 itakuonyesha mistari ya giza ikitambaa kwenye picha. Baadhi ya taa za LED za bei rahisi hupepesa hata hapo. Washa kila taa mapema, angalia kwenye skrini kubwa, sogeza shata kidogo kidogo hadi mistari iishe.

Zima kila kitu kinachojiseti chenyewe. Jukwaa likiwa jeusi, kamera huongeza mwanga yenyewe, na uso mweusi wenye jasho unageuka doa jeupe lisilo na umbo. Pima mwanga kwenye paji la uso la mwimbaji chini ya taa yake, zebra (mistari ya kwenye skrini inayoonyesha mwanga mkali) ikiwa 70, iguse sehemu zinazong'aa tu. Kipimo cha rangi ya mwanga kwenye kamera zote kifungwe Kelvin 5600. Mwombe mtu wa taa asimmulike mwimbaji kwa bluu tupu, na amwachie mwanga mweupe hafifu kutoka mbele hata rangi zinapocheza.

Kamera nne zinatosha. Ya kwanza ikae karibu na fundi mitambo, kwenye kichanja cha sm 80, la sivyo utarekodi vichwa na simu zilizoinuliwa. Ya pili, yenye lenzi ndefu, haimwachi mkongwe hata anapokunywa maji. Ya tatu ishikwe mkononi upande wa mpiga besi, na mshikaji awe amezisikiliza nyimbo hadi ajue solo zinaangukia wapi. Ya nne ifungwe nyuma ya dramu na iachwe. Usivuke upande wa pili wa jukwaa bila sababu: mwimbaji aliyekuwa anaangalia kulia ataonekana kageuka ghafla.

Juni na Julai usiku wa Arusha ni baridi. Kamera iliyolala kwenye gari ikiingizwa ghafla kwenye Ukumbi wa Simba pale AICC uliojaa watu wanaocheza, lenzi inafunga ukungu. Iingize saa moja kabla. Kwenye uwanja wa wazi kama Sheikh Amri Abeid shida ni upepo: moshi wa jukwaani hautulii, miale ya taa haionekani, basi usipange picha zinazoutegemea.

Kasi ya kurekodi ikiwa Mbps 100, kila kamera inakula GB 45 kwa saa. Saa mbili kwa kamera nne ni GB 360, na nakala ya pili usiku huohuo. Kamera nyingine za picha hukata video zikifika dakika 29 na sekunde 59. Jua hilo mapema ili zisikate zote katikati ya wimbo mmoja.

Ukiweza, rekodi usiku mbili, mavazi yaleyale. Filamu ya Prince ya 1987, Sign o' the Times, ilipigwa Rotterdam na Antwerp, picha zikatoka mbovu, sehemu kubwa ikarudiwa Paisley Park, studio yake mwenyewe. Wewe huna Paisley Park, lakini mchana wa majaribio unatosha kurudia mikono, miguu na nyaya za besi kwa karibu.

Haki na uhariri

Mkongwe atapiga nyimbo zake za zamani. Rekodi mpya inakuepusha na mwenye rekodi ya zamani, haikuepushi na mwenye utunzi, na mara nyingi mwenye utunzi si mkongwe peke yake. Maliza kwa maandishi kabla ya shoo. COSOTA waulizwe kuhusu hakimiliki, Bodi ya Filamu kuhusu kibali.

Ili kuoanisha kamera na sauti, mwanzoni piga kofi moja jukwaani mbele ya kamera zote. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo kamera iliyo mita 34 nyuma italisikia kofi limechelewa fremu mbili na nusu. Linganisha kwa picha ya mikono inapokutana, usifuate sauti ya kamera. Rudia kofi mwishoni, maana muda wa kamera huachana taratibu.

Uzito wa funk uko kwenye pigo la kwanza la kila duru ya mapigo manne. Kwa mapigo 110 kwa dakika, pigo moja ni karibu fremu 14. Kata fremu mbili kabla ya pigo la kwanza, jicho lifike pamoja na besi. Ukikata kila pigo unaua mdundo. Bendi ikishakaa sawa, iache picha moja duru nane, kama sekunde 17, mpaka mkongwe atoe ishara ya kukata.