Somo: Redio zinavyochagua njia pakiti ikipita nodi nyingi

Wakuu, leo tuongelee netiweki za redio ambazo pakiti (kipande kidogo cha data) haifiki moja kwa moja, inapokezwa nodi kwa nodi, yaani kifaa kwa kifaa chenye redio, mpaka ifike. Kila mrusho mmoja tunauita hopu. Wanaoanza wengi wanakwama palepale, wanadhani njia yenye hopu chache ndo bora, na mimi nasema hilo ndo kosa linaloua netiweki nyingi.

Hatua ya 1: angalia nodi zako zinatembea au zimetulia. Kama zimetulia chukua protokoli (kanuni ambazo nodi zinafuata kutafuta njia) inayotunza njia muda wote, mfano OLSR ya 2003, ambayo kwa kawaida inatuma salamu kwa majirani kila sekunde 2 na habari za ramani ya netiweki kila sekunde 5, kwahiyo njia ipo tayari kabla hujaihitaji. Kama zinahamahama na zinaongea mara chache, protokoli ya AODV inafaa zaidi maana inasubiri mpaka kuwe na pakiti ndo inauliza netiweki nzima nani anajua njia ya kwenda kwa fulani. Pakiti ya kwanza itachelewa, ila betri inapona.

Hatua ya 2, na hapa naomba mtulie kabisa. Pima kila linki, yaani muunganiko wa nodi mbili zinazosikiana, kwenda na kurudi. Kipimo kinaitwa ETX, kilitoka chuo cha MIT Marekani 2003, kinakadiria pakiti itarushwa mara ngapi mpaka ipokelewe na jibu lirudi. Unazidisha uwezekano wa pakiti kufika ikienda na uwezekano wa jibu kufika likirudi, kisha unachukua 1 unagawa kwa jibu hilo. Tuseme A na C wanasikiana kwa mbali, nusu ya pakiti zinapotea kila upande: 1 gawanya kwa 0.25, unapata 4. Sasa pitisha kwa B aliye katikati, kila linki inafikisha 0.9 pande zote, unapata kama 1.23 kwa kila hopu, jumla 2.47. Umeona? Hopu mbili zimeshinda moja, na ukihesabu hopu tu redio itang'ang'ania ile mbovu kila siku.

Hatua ya 3: usirefushe mnyororo ovyo. Redio moja kwenye chaneli moja haiwezi kupokea na kutuma kwa pamoja, hivyo hopu mbili spidi inashuka nusu, tatu inabaki theluthi. Ukiweza weka redio mbili kila nodi, chaneli tofauti.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, linki ikikatika pakiti hazizunguki tu bila kufika?
Jibu: Zilikuwa zinazunguka sana zamani. Protokoli ya DSDV ya 1994 ikaleta namba ya mfuatano, nodi inayotafutwa inaipandisha yenyewe, wengine wakiona habari ya njia yenye namba ya zamani wanaitupa. AODV imerithi hilohilo.

Swali: Kwangu ETX inasoma vizuri kabisa ila faili kubwa linagoma, shida nini?
Jibu: Swali zuri sana hili. Pakiti ambazo ETX inatumia kupimia linki ni ndogo na zinarushwa kwa spidi ya chini, ndo maana zinafika hata pale data yako ya spidi kubwa isipofika. Jaribu kipimo cha ETT, hicho kinaingiza ukubwa wa pakiti na spidi ya linki yenyewe. Kama programu yako haina, shusha spidi ya redio kwenye hiyo linki kisha upime tena.