Core i5 ya kizazi gani? Kulinganisha laptopu za mtumba kabla ya kulipa

Kwenye maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi, karatasi inayobandikwa juu ya laptopu ya ex-UK, yaani ya mtumba kutoka Uingereza, huwa na maneno yale yale: Core i5 (jina la prosesa, ubongo wa mashine), RAM 8 (kumbukumbu ya kazi, GB 8), bei. Maneno hayo hayatoshi kulinganishia chochote. Kuna i5 ya mwaka 2013 na i5 ya mwaka 2017, na hii ya pili hufanya zaidi ya mara mbili ya kazi ya ile ya kwanza. Ukilipia jina la i5 peke yake, waweza kuuziwa ya zamani kwa bei inayokaribia ya mpya.

Anza na namba kamili ya prosesa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, au fungua Settings, System, About. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha sita. Herufi ya mwisho nayo ina maana. U ni ya kuokoa chaji ya betri, HQ ina nguvu zaidi lakini hula betri na kupata joto, Y ni dhaifu. Iepuke kama kazi yako ni zaidi ya kuandika barua.

Mpaka mkubwa uko kati ya kizazi cha 7 na cha 8. Hadi cha 7, i5 na hata i7 zenye herufi U zilikuwa na kori 2, yaani sehemu mbili za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja. Kizazi cha 8, kilichoanza mwaka 2017, kilileta i5-8250U na i5-8350U zenye kori 4. Kwa hiyo ukiambiwa, "Chukua hii, ni i7," kisha ukute ni i7-7600U, jua kwamba i5-8350U inaishinda waziwazi kazi zikiwa nyingi kwa pamoja. Tena, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, na Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 iliyolazimishwa kwenye kizazi cha 6 itawaka vizuri tu dukani, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho yajayo. Mashine ya namna hiyo ichukue kwa bei ya chini, hasa kama uko tayari kuweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows.

Majina ya modeli hukusaidia kukisia kizazi kabla hata ya kuwasha. HP EliteBook 840 G1 ni kizazi cha 4, G2 cha 5, G3 cha 6, na G5 kwa kawaida ni cha 8. Lenovo ThinkPad T440 ni cha 4, T450 cha 5, T460 cha 6, na T480 kwa kawaida ni cha 8. Dell Latitude E7450 ni cha 5, E7470 cha 6. Hata hivyo namba ya prosesa ndiyo ya kuamini, kwa kuwa T470 na T480 zilitoka pia na prosesa za kizazi kilichotangulia.

Sasa pima. Njoo na flashi yenye folda ya 7-Zip, programu ya kubana mafaili yenye kipimo cha kasi ndani yake, haihitaji intaneti. Chomeka chaja, funga programu nyingine, fungua 7-Zip File Manager, kisha Tools, halafu Benchmark. Iache izunguke dakika kumi. Andika alama ya mwanzo na ya mwisho. Zikishuka sana, mashine inajipunguza mwendo kwa sababu ya joto: feni imejaa vumbi au mafuta ya prosesa (thermal paste) yamekauka. Fundi hurekebisha hilo, ila gharama yake ikatwe kwenye bei. Kwa Dell kuna mtego mmoja zaidi. Chaja isiyotambuliwa huifanya prosesa itambae, pengine chini ya GHz 1, na betri isichaji. Jaribu chaja nyingine ya Dell kabla hujailaumu mashine.

Betri ina ripoti yake. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, fungua faili ya ripoti inayotajwa hapo, kisha linganisha Full Charge Capacity na Design Capacity. Ikiwa imebaki chini ya asilimia 60, hesabu betri mpya. Diski iangalie kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Ikiandika Caution au Bad, hesabu SSD mpya, yaani diski isiyozunguka. Diski ya kuzunguka, hata ikiwa nzima, ibadilishe: ndiyo hasa inayofanya laptopu za zamani zichelewe kuwaka.

RAM ina mitego yake. T460 hutumia RAM ya aina ya DDR3L wakati EliteBook 840 G3 ya kizazi hicho hicho hutumia DDR4, na moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. ThinkPad X1 Carbon RAM yake imechomelewa, haiongezwi. X260 na X270 zina nafasi moja, T480 ina mbili.

Baada ya hapo piga hesabu ya mashine iliyokamilika, si ya karatasi. Bei na alama hizi ni za mfano tu, weka zako. Ya kwanza, i5-6300U: 18,000, ongeza RAM 2,500, SSD 3,500, betri 3,500, jumla 27,500, alama 10,000. Ya pili, i5-8350U isiyohitaji kitu: 28,000, alama 18,000. Ya kwanza inakutoza shilingi 2,750 kwa kila alama 1,000. Ya pili takriban 1,556. Ile iliyoonekana nafuu kwa elfu kumi imegeuka ghali.

T480 huchaji kwa USB-C pekee. Jaribu matundu yote mawili, kwa sababu hitilafu ya programu ya ndani iliyojulikana kwenye ThinkPad za miaka hiyo huweza kuua Thunderbolt (njia ya kasi iliyo kwenye tundu moja la USB-C) na kuchaji; Lenovo ilitoa sasisho la kuizuia, liweke mapema.

Mwisho ingia BIOS, mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows, kwa kubonyeza kitufe mara unapowasha: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikidai nenosiri usilolijua, iache hapo hapo. Kwenye ThinkPad nenosiri la msimamizi kwa kawaida humaanisha kubadilisha bodi nzima. Ikifunguka, linganisha namba ya utambulisho ya mashine (serial number) na ile iliyoko chini ya laptopu, kisha dai risiti yenye namba hiyo na muda wa waranti, ndipo utume M-Pesa.